Mtoto anayeniletea maji ndiye mtoro wa darasa langu

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ajira mpya, miaka 26. Kwetu ni Tukuyu. Nimepangiwa kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma ambacho jina lake naliacha, kwa sababu watu wake wamenipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilifika Jumamosi ya wiki iliyopita. Leo ni Jumapili usiku, nakuandikia kwa mwanga wa simu. Ni siku tisa tu, lakini naona kama nimekaa hapa mwaka.

Basi kutoka Mbeya lilipita Iringa, tukateremka hadi Mtera. Nilipoliona lile bwawa limetanda nikajiambia, kumbe huku maji yapo, watu walikuwa wananitisha bure. Sikujua kwamba maji ya Mtera na maji ya kijiji changu ni habari mbili tofauti.

Shule haina nyumba ya mwalimu iliyo wazi. Mwalimu mkuu akanipeleka kwa mzee mmoja ambaye ni mzee wa kanisa na pia mjumbe wa kamati ya shule. Uani kwake kuna tembe la zamani, na kando yake nyumba ya tofali ya vyumba vitatu, imeezekwa bati, ambayo mwanawe aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyeijenga. Babu na Bibi wanalala kwenye tembe, wanasema ndiko kuna ubaridi mchana. Mimi nikapewa chumba kwenye nyumba ya bati. Nilipouliza kodi, Babu alikataa kabisa. "Mwalimu akilipa kodi kwangu, kijiji kitanionaje?" Chakula ni ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Siku ya kwanza nilimeza kwa shida. Siku ya tatu niliomba niongezewe.

Jumapili ya kwanza nikaenda nao kanisani. Mimi ni Mmoraviani tangu kubatizwa, na kanisa la pale ni Anglikana, kwa hiyo nilikuwa nasimama wengine wanapopiga magoti na kupiga magoti wanaposimama. Mama mmoja akanishika mkono akawa ananiongoza bila kusema neno. Nyimbo nyingi zilikuwa za Kigogo. Mama, sijawahi kusikia kwaya ya kijijini ikiimba vile, sauti zinapishana na kukutana, ngoma inaingia, na mwili wote unasisimka hata kama huelewi maneno. Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka: mayai, ubuyu, debe la mtama, jogoo mmoja. Babu akapandia jogoo hadi akamchukua, kisha akanigeukia mbele ya watu wote akasema mgeni asilale bila kitoweo. Nililia. Sikuwahi kupokelewa hivyo mahali popote.

Sasa nakuja kwenye shida yangu.

Nyumbani kuna mjukuu wa kike, miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyenifundisha kusalimia "mbukwa", na "mbukwenyi" nikikuta watu wengi. Jioni tunakaa kizingitini, ananitajia vitu kwa Kigogo, navirudia, anacheka hadi anajifunika uso kwa kanga ya bibi yake. Kila nikiamka nilikuwa nakuta mlangoni madumu mawili ya lita 20, yamezibwa kwa gunzi la muhindi. Nilipouliza nani ananichotea, Bibi alijibu, "Mgeni hachoti maji." Nikashukuru, na sikuuliza zaidi. Kwetu maji yako nyuma ya nyumba. Nikaoga, nikaosha nywele, nikafua nguo zote za safari, maana vumbi la huku huingia hadi ndani ya begi lililofungwa. Jumatatu jioni niliomba kama naweza kuongezewa dumu la tatu. Bibi akasema haina shida.

Jumatano nikakabidhiwa darasa la nne, watoto 94. Mwezi ujao wana upimaji wa kitaifa. Nikafungua rejista, nikaanza kuita majina. Nilipofika jina moja hakuna aliyeitika. Nikarudia. Watoto wa mbele wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Mwalimu, si ndiye anayekuletea maji?"

Mama, chaki ilinidondoka. Jina la shule ni la ubatizo, nyumbani wanamwita jina lingine, kwa hiyo sikumtambua. Nikatazama rejista: mwezi huu wa Septemba amekosa siku kumi na moja. Mchana nikamuuliza mtoto wa jirani, akanieleza. Wanachota korongoni, kwenye shimo la mchangani, kwenda tu ni zaidi ya nusu saa. Anatoka saa kumi na moja alfajiri na punda mmoja anayebeba madumu manne. Tangu nilipoomba la tatu, anakwenda mara mbili.

Siku hiyo nilifanya kosa la kwanza. Baada ya watoto kutoka nilirudi darasani nikabadilisha alama yake ya Jumatano, nikaandika alikuwepo. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Alhamisi alikuja saa tatu, akapitia nyuma ya madarasa bila kuonekana. Ijumaa alikuja saa mbili na nusu, na mwalimu wa zamu alikuwa amewapanga waliochelewa. Wote walichapwa viganjani. Yeye alichapwa vitatu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi. Nilijua alichelewa kwa sababu gani. Nilijua maji yale nilishayaoga. Yule mwalimu amefundisha pale miaka ishirini na mimi nina siku tano, nikanyamaza. Jioni alileta maji ya kupikia, akawa ameshika dumu kwa ncha za vidole ili kiganja kisiguse mpini. Akanisalimia kama kawaida. Tukakaa kizingitini kama kawaida. Sikuweza kurudia hata neno moja la Kigogo.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, Babu alisimama akapendekeza kwamba Jumapili ijayo mwalimu mpya azungumze na wazazi kuhusu utoro wa wanafunzi. Mchungaji akakubali, akanipa dakika kumi, watu wakapiga makofi. Nimetazama uso wa Babu sana. Sijaelewa kama anajua.

Nifanye nini, Mama? Nihame nyumba hii? Nimpeleke kwa mtendaji mtu aliyenipa jogoo na chumba? Nisimame kanisani niseme ukweli, au niseme maneno ya jumla na kukaa? Mwalimu mwenzangu ananiambia nisijitwishe mzigo, kwamba huku ndivyo wanavyoishi. Lakini madumu ya kesho yataletwa alfajiri, na nitaamka niyakute.

Mwalimu mgeni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nataka kuanzia kwenye rejista, kwa sababu umeandika jambo ambalo nadhani hukuliona. Unasema mtoto amekosa siku kumi na moja mwezi huu. Hadi Jumatano ile, wewe ulikuwa na siku tatu za shule kijijini. Siku nane zilizobaki ni za nani?

Sikuulizi hivyo ili nikupunguzie. Dumu la tatu ni lako, na safari ya pili ya punda ni yako. Lakini ukijibebesha siku zote kumi na moja, utaondoa madumu yako mlangoni, utajisikia umetua mzigo, na mtoto ataendelea kukosa shule kama alivyokuwa akikosa kabla basi lako halijafika. Kuna jambo jingine linalomtoa darasani. Inawezekana ni miguu ya bibi yake, au siku ya gulio, au hana sare ya pili, au kuna mgonjwa anayebaki naye. Ameanza kukua, ana miaka kumi na mmoja, huenda kuna siku za mwezi na shuleni hakuna choo cha kujisitiri. Sijui, na wewe hujui. Katika siku tisa hizo mmezungumza mengi pale kizingitini na hujawahi kumuuliza swali hilo. Hilo ndilo la kesho jioni. Muulize taratibu, mkiwa wawili, usishike daftari.

Usihame. Ukihama wiki ya pili, kijiji kizima kitajiuliza Babu alikufanyia nini, na jibu watakalolipata litakuwa baya kuliko ukweli. Na mtoto atakuwa amempoteza mtu mzima pekee nyumbani mwake anayeijua rejista. Nilifundisha miaka thelathini na moja, mingi yake Mpwapwa na Kongwa, na nimekaa kwenye nyumba za watu kama hiyo yako. Huko kanisa na shule vimeshikana tangu wamisionari wa Kiingereza walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, na mtu anayeheshimiwa upande mmoja huitwa upande wa pili pia. Ndiyo maana Babu yuko kwenye kamati na yuko kwenye baraza la kanisa. Usilitazame hilo kama mtego. Ukimpata yeye, umepata sehemu mbili kwa mara moja.

Sasa maji. Bibi alikuambia mgeni hachoti maji, na alisema kweli kwa siku za mwanzo. Lakini wahenga waliomfundisha yeye walitufundisha na sisi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe uko siku ya tisa. Mwambie neno hilohilo, kwa kucheka na kwa heshima, umesimama jikoni kwake: "Bibi, mimi si mgeni tena, nipe jembe langu." Atakataa mara ya kwanza. Mara ya pili atakutazama. Jumamosi uamke saa kumi na moja, ufuatane na punda.

Nakuomba uende kwa miguu yako kabla hujamshauri mtu chochote kuhusu maji. Nimewaona walimu wageni wakisema, "Kwa nini msichote jioni, mtoto akishatoka shule?" Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye shimo la mchangani mwezi wa tisa. Maji yanachuruzika polepole. Usiku kucha shimo linajaa, na wanaowahi alfajiri ndio wanaokuta maji meupe. Kufika mchana limekombwa, ng'ombe wamekwishakanyaga, na jioni unachota tope. Alfajiri haikuchaguliwa kwa ukatili. Ukishakaa pale ukasubiri kata ijae, utazungumza na Bibi kwa sauti nyingine.

Kisha kuna kodi. Babu amekataa pesa, na hukatai heshima ya mzee kwa kumsukumia noti mkononi. Lakini kodi aliyoikataa unaweza kuilipa kwa maji, na hilo hatalikataa kwa sababu linaingia kwenye chungu cha nyumba yake. Vijiji vingi vya huko vina kijana mwenye mkokoteni wa punda anayeuza maji kwa dumu. Patana naye alete ya nyumba nzima siku za shule, siyo yako peke yako. Ukileta yako tu, umejitakasa wewe na umeacha mtoto bado na safari moja ya alfajiri. Najua mshahara wa kwanza wa ajira mpya huwa hauna haraka. Mpaka utoke, punguza: oga kwa ndoo nusu, fua Jumamosi hukohuko korongoni kama wanavyofua wengine, na dumu la tatu lirudishe kesho asubuhi. Bibi akiuliza, mwambie mawili yananitosha, hata moja litanitosha.

Na tazama juu ya chumba chako. Umesema nyumba ina bati na vyumba vitatu. Tuseme ni mita nane kwa sita. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba na kukatika karibu na Aprili, na kwa mwaka ni kama milimita 550 hivi. Piga hesabu hiyo ubaoni na darasa lako: bati hilo linaangukiwa na lita zaidi ya 26,000 kwa msimu. Hata nusu ikipotea, zinabaki zaidi ya 13,000, ambayo ni madumu 650 na ushee. Yote hayo sasa yanachimba ardhi chini ya dirisha lako. Hamna tangi la kuyaweka yote, lakini tangi la lita elfu moja hujazwa tena na tena mvua ikiwa inanyesha. Yule mwana wa Dar es Salaam aliyejenga nyumba hakuweka mabomba ya kukingia. Mwandikieni, wewe na Babu pamoja, kabla ya Novemba. Barua ya baba inayoomba mabomba ya bati ili mtoto asome ni ngumu kuikataa.

Hii haiponyi Oktoba, na upimaji ni Oktoba. Kwa hiyo mkokoteni ndio wa sasa, bati ni la mwakani.

Rejista: irudishe ilivyokuwa. Mwambie mwalimu mkuu mwenyewe, kesho, kwamba uliandika vibaya Jumatano. Umemwonea huruma mtoto kwa kumfuta, maana ushahidi pekee kwamba anahitaji msaada ni zile alama. Ukizibadilisha zote kuwa nzuri, siku atakapoanguka hakuna atakayejua kwa nini.

Kuhusu fimbo ya Ijumaa nitasema zaidi, kwa sababu ndipo barua yako iliponiumiza.

Ulipaswa kusema, mwanangu. Utaratibu wenyewe uko upande wako: kanuni za adhabu ya viboko ni za 1979, na waraka wa 2002 ukazibana, kwamba anayechapa ni mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu na sababu yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwalimu wa zamu asimame getini na kuchapa msururu mzima bila kuuliza. Lakini hata bila waraka, wewe ulikuwa na kitu ambacho mwenzako hakuwa nacho. Ulijua sababu. Yeye alichapa mchelewaji. Wewe ulimtazama mtoto aliyekuletea maji.

Nami nimewahi kuchapa hivyo. Mvulana wa darasa la tano, alikuwa anachelewa kila Jumatatu, nikamchapa majumatatu matatu mfululizo. Ya nne hakuja kabisa, na dada yake ndiye aliyeniambia kwamba Jumapili usiku walikuwa wanamlinda mama yao mgonjwa kwa zamu. Sikwenda kumwomba radhi. Nilijiambia mtu mzima haombi radhi kwa mtoto, nitaharibu nidhamu. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake, tunasalimiana sokoni vizuri, na kila mara namtazama mikono. Usikae miaka hiyo yote na jambo lako. Mwite leo hii mwambie: "Ijumaa nilijua kwa nini umechelewa, nikanyamaza. Sikupaswa kunyamaza. Nisamehe." Usimpe pipi, usimpe daftari jipya, usiongeze maneno. Huenda hatajua ajibu nini. Mwache asijibu.

Kisha nenda kwa mwalimu mkuu, peke yako, milango imefungwa, siyo kwenye chai ya walimu wote. Usimshtaki mwenzako wa miaka ishirini. Sema unaomba wanaochelewa waulizwe na mwalimu wa darasa kabla ya adhabu, na kwamba wa darasa la nne utawauliza wewe. Ni ombi dogo, halimvunjii mtu heshima, na mwalimu mkuu mwenye busara atalichukua. Asipolichukua, wako 94 bado ni wako, nenda getini asubuhi uwapokee mwenyewe.

Mtendaji wa kijiji yupo kwa kazi hiyo, na Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria. Sikufichi hilo. Lakini njia hiyo inaanzia kwa mwalimu wa darasa kuzungumza na nyumbani, na wewe hujazungumza. Unakaa nyumba moja nao na hujazungumza. Mzee akisikia kwa mtendaji jambo ambalo mpangaji wake angemwambia kwenye kigoda, hatasikia habari za mtoto tena, atasikia tusi tu.

Umeniuliza kama Babu anajua. Nadhani anajua kwamba mjukuu anachota maji, na hajui kwamba huo ni utoro. Sikiliza neno lenyewe. Mtoro ni aliyetoroka. Kwa Babu, watoro ni wale wavulana wanaozurura gulioni na kucheza bao chini ya mbuyu saa za masomo, na hao ndio aliokuwa anawafikiria alipokuombea dakika kumi. Mjukuu wake hajatoroka. Ametumwa, na amekwenda, na amerudi na madumu manne. Nyumbani huyo ni mtoto mwema, na ni kweli ni mtoto mwema. Rejista haina alama ya mtoto aliyetumwa. Aliyetoroka na aliyetumwa wanapata alama ileile.

Hilo ndilo la kumwambia Babu. Zungumza kwanza na Bibi, Jumamosi hiyo mkirudi korongoni, maana maji ni himaya yake na usipoanza naye utakuwa umemruka. Akikubali, mwachie yeye amwambie mumewe kwamba mwalimu ana neno. Jioni, chakula kikishaliwa, msalimie vizuri, kaa chini kuliko yeye. Shukuru chumba, shukuru jogoo, na useme kweli unavyoshukuru kama ulivyoniandikia mimi. Kisha sema kosa lako, dumu la tatu, kabla hujagusa siku nane zile. Mzee hukubali la kwake akiona umeanza na la kwako. Ukishamaliza, nyamaza. Wazee wa huko hujibu baada ya kimya kirefu, na vijana wengi huharibu jambo kwa kukijaza kile kimya.

Na zile dakika kumi: kama hadi Jumamosi usiku hujazungumza na Babu, mwombe mchungaji akusogeze wiki moja, sema unajiandaa. Usimwambie mzee akiwa kwenye benchi la kanisa jambo ambalo hukumwambia uani kwake. Dakika kumi za kumwaibisha zitakugharimu miaka yako yote pale. Maneno ya jumla nayo usiyaseme, kwamba elimu ni ufunguo na kadhalika; wameyasikia, na mtoto atakuwa amekaa pale na viganja vyake akikusikiliza. Lakini kama mmezungumza na amekuelewa, muulize kama mnaweza kusimama wote wawili. Wewe uhesabu madumu na alfajiri, uwaulize wazazi ni watoto wangapi leo watakosa kipindi cha kwanza kwa sababu wametumwa. Yeye aseme la nyumbani kwake, kwa Kigogo, kwa maneno yake. Hapo ndipo wengine wataanza kusema ya kwao, na ninavyowajua watu wale, kabla ya mnada kuanza mtakuwa mmekwishapanga nani mwenye mkokoteni.

Mwenzako anayesema huku ndivyo wanavyoishi, msalimie, usibishane naye. Wanaishi hivyo kwa sababu maji yako mbali, na hakuna aliyependa yawe mbali.

Jumatatu ukiwa na rejista, ukifika kwenye jina lake, liite kama unavyoita mengine. Usisimame hapo, usimtafute kwa macho, usishushe sauti. Wanafunzi wenzake wanakutazama wewe sasa, na yeye anatega sikio jina lake lipite kama la mtu mwingine yeyote.